Lugha ya Nembo: Uhakiki wa Migongano ya Majina na Ngao Nchini Kenya

1. Utangulizi

Kila jumuiya yenye watu wengi na shughuli nyingi hufika mahali ikalazimika kuamua swali hili: jina hili na alama hii ni vya nani? Nchini Kenya swali hilo lina milango mingi. Hubishwa katika afisi ya Mwanasheria Mkuu, Sheria House, kando ya Barabara ya Harambee jijini Nairobi. Hubishwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Hubishwa kwa wasajili wa makampuni na wa alama za biashara. Na tangu kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, hubishwa pia katika mabunge ya kaunti. Katika kila mlango mwombaji huleta jina au nembo aliyoitunga, na afisa hupaswa kutazama iwapo jina hilo au nembo hiyo inagongana na nyingine iliyotangulia kusajiliwa.

Kazi hiyo imezoeleka kuhesabiwa kuwa ya wanasheria na wachoraji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya lugha. Nembo huhifadhiwa na kulinganishwa vizuri zaidi inapoelezwa kwa maneno yenye utaratibu kuliko inapobaki mchoro peke yake. Na majina hayawezi kulinganishwa bila ya kujua sauti, maumbo na maana za lugha yalikotoka. Kiswahili, ambacho kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ni lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili, hakina budi kuulizwa kama kinaweza kuibeba kazi hii. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kinaweza, na kwamba baadhi ya vifaa kinavyovihitaji tayari vimo katika matumizi ya kila siku.

2. Mgongano ni nini?

Mfano maarufu kabisa wa mgongano wa ngao unatoka Uingereza ya karne ya 14. Mwaka 1385 mfalme Richard wa Pili alipeleka jeshi Scotland. Katika jeshi hilo walikutana wakuu wawili, Richard Scrope na Robert Grosvenor, kila mmoja akiwa na ngao ya buluu yenye mkanda mmoja wa dhahabu uliokaa mshazari. Hawakuwa ndugu, wala hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenziwe. Shauri lilipelekwa mbele ya mahakama ya mambo ya askari, na mamia ya mashahidi wakaitwa. Miongoni mwao alikuwamo mshairi Geoffrey Chaucer, aliyetoa ushahidi wake mwaka 1386. Alieleza kwamba siku moja, akipita katika mtaa wa London, aliiona ngao hiyo imetundikwa nje ya nyumba, akadhani ni ya Scrope. Alipouliza akaambiwa ni ya Grosvenor, jina ambalo hakuwa amelisikia kabla ya siku hiyo.

Hukumu ya mwaka 1389 ilimpa Scrope ushindi, ikamruhusu Grosvenor aitumie ngao ileile kwa sharti la kuizungushia pindo jeupe. Shauri lilipofika kwa mfalme mwenyewe, mwaka 1390, ruhusa hiyo ilibatilishwa. Sababu yake ndiyo yenye mafunzo. Pindo, kwa desturi ya wakati ule, lilikuwa alama ya kutofautisha tawi la ukoo mmoja na tawi jingine. Mgeni akipewa ngao ya mtu pamoja na pindo, atakayeiona atasema: huyu ni mdogo wake. Grosvenor akaiacha kabisa ile ngao ya mkanda, na ukoo wake ukachukua mganda wa ngano wa dhahabu katika uwanja wa buluu.

Kutokana na kisa hiki yanapatikana mambo mawili yanayoongoza uhakiki wote. Kwanza, mgongano hauhitaji ulinganifu kamili. Unatosha ufanano utakaompoteza mtazamaji wa kawaida, kama ulivyompoteza Chaucer. Pili, si kila tofauti huondoa mgongano. Ipo tofauti inayosema "huyu ni mwingine," na ipo inayosema "huyu ni jamaa ya yule." Tofauti ya aina ya pili, badala ya kuutatua mgongano, huuthibitisha.

Taratibu za baadaye zilijaribu kuyageuza mambo hayo yawe kanuni za kuhesabika. Hata jumuiya za burudani zimeingia katika kazi hiyo. Society for Creative Anachronism, iliyoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1966, huwaacha wanachama wake wajichagulie majina na ngao za mtindo wa zama za kati, lakini kila pendekezo hupitiwa na wahakiki wa kujitolea kabla ya kusajiliwa. Kwa jumla hutaka jina litofautiane na mengine kwa sauti na kwa umbo, na ngao itofautiane na nyingine kwa mambo mawili yaliyo wazi, mathalan rangi ya uwanja na idadi ya vitu vilivyomo. Ingawa ni mchezo, kanuni zake ni mfano mzuri wa jinsi hukumu ya jicho inavyoweza kugeuzwa hesabu ambayo watu wawili wakiifanya mbalimbali watapata jibu moja.

3. Ngao kabla ya sheria zilizoandikwa

Isidhaniwe kwamba fikira hii ililetwa Afrika ya Mashariki na wageni. Ngao za Wamaasai, zilizotengenezwa kwa ngozi ya nyati na kupakwa rangi nyeusi, nyekundu na nyeupe, zilikuwa na michoro iitwayo sirata. Kitabu cha A. C. Hollis juu ya lugha na masimulizi ya Wamaasai, kilichotolewa mwaka 1905, ni miongoni mwa vinavyoieleza desturi hiyo. Michoro haikuwa mapambo ya hiari. Ilionyesha rika na kundi la morani, hata mtu akiiona ngao kwa mbali aliweza kujua anayekuja ni wa upande gani. Tena palikuwa na alama nyekundu ya ushujaa ambayo haikuchorwa ila kwa idhini ya wakuu, kwa ajili ya aliyejipambanua vitani.

Hapa pana kila kitu kinachohitajika katika uhakiki: alama yenye maana iliyokubaliwa, kundi lenye haki ya kuitumia, na mamlaka ya kuiruhusu au kuikataza. Kilichokosekana ni daftari tu. Nafasi yake ilichukuliwa na kumbukumbu za watu waliojuana. Jambo hilo lina uzito kwa Kenya ya leo. Ngao na mikuki miwili iliyomo katika bendera ya taifa ni ngao ya asili hiyo, na kwa hiyo nembo za Kenya zina nasaba ya ndani kabla ya kuwa na nasaba ya kisheria.

4. Sheria na milango yake

Mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru, ilitungwa sheria ya kulinda bendera, nembo na majina ya taifa, ambayo ni Sura ya 99 ya Sheria za Kenya. Mwaka 1968 ikafuata Sura ya 98, iliyounda chombo cha kutoa na kusajili nembo. Katika bara la Afrika ni nchi chache sana zenye chombo cha namna hiyo. Afrika ya Kusini ni mojawapo. Jina la chombo hicho lenyewe ni mtihani wa tafsiri. Likifasiriwa neno kwa neno huwa "Chuo cha Nembo," na msikilizaji atatafuta wanafunzi na madarasa yasiyokuwapo. Asili ya neno la Kiingereza ni jamii ya watu wenye kazi moja, kama ile iliyopewa hati London mwaka 1484. "Baraza la Nembo" lingeeleza maana bila ya kumpoteza mtu, nalo ndilo litakalotumika hapa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 9, inaitaja nembo ya taifa pamoja na bendera, wimbo na muhuri wa umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inaitaka kila kaunti ijiwekee bendera, nembo na muhuri wake kwa sheria ya bunge lake, na inakataza alama za kaunti kufanana na alama za taifa. Katazo ni wazi, lakini kipimo cha "kufanana" hakimo katika neno lenyewe. Simba wawili waliosimama kando ya ngao ni ufanano? Mlima wenye theluji chini ya ngao ni ufanano, hali mlima huo kweli umo katika kaunti? Mikuki miwili? Kila bunge linaweza kujibu kwa namna yake, na majibu 47 ya mbalimbali hayafanyi kanuni moja.

Kwamba jambo hili si la mapambo tu linaonekana katika historia ya jogoo. KANU, chama kilichoundwa mwaka 1960, kilikuwa na alama ya jogoo. Nembo ya taifa ya mwaka 1963 nayo ikawa na jogoo mweupe aliyeshika shoka, ambaye aghalabu hufasiriwa kuwa ni ishara ya mapambazuko ya maisha mapya. Katika miaka ya chama kimoja watu hawakupata sababu ya kuuliza tofauti. Lakini mwaka 1992, ulipofanyika uchaguzi wa vyama vingi, mpigakura asiyejua kusoma aliwekewa karatasi ambayo alama ya chama kimojawapo ilikuwa ndege yuleyule aliyemzoea katika nembo ya dola. Kwa kipimo cha Scrope na Grosvenor shoka na simba ni tofauti, swali ni kama zinasema "huyu ni mwingine" au "huyu ni jamaa."

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inampa Msajili uwezo wa kukataa jina au alama inayokaribiana mno na ya chama kingine. Haja yake ilikwisha kudhihirika. FORD, iliyoanzishwa mwaka 1991, iligawanyika mwaka uliofuata ikawa FORD-Kenya na FORD-Asili. Kisarufi, majina hayo mawili yana kiini kimoja na kivumishi mbalimbali. Neno "Asili" halikuwa kitambulisho tu, bali lilikuwa dai la urithi. Baada ya kura ya maoni ya Novemba 2005, ambayo waliopinga Katiba iliyopendekezwa walitumia alama ya chungwa, jina na alama hiyo vikagombewa pia, na uchaguzi wa mwaka 2007 ukawa na ODM pamoja na ODM-Kenya. Katika mifano yote hiyo nyongeza ni kama lile pindo jeupe: hutenganisha watu wawili huku ikitangaza kuwa wamezaliwa nyumba moja.

5. Nembo kama matini

Wataalamu wa nembo wa Ulaya waligundua mapema kwamba mchoro haufai kuwa ndio sheria. Mchoraji mmoja humfanya simba mnene, mwingine humfanya mwembamba. Mmoja hutumia buluu nzito, mwingine nyepesi. Ikiwa mchoro ndio asili, kila nakala ni kosa. Kwa hiyo waliyafanya maneno kuwa asili. Nembo ikawa matini fupi yenye mpangilio maalumu, na kila mchoro unaoitii matini hiyo ukawa sahihi. Uhakiki nao ukawa rahisi zaidi, kwa kuwa anayelinganisha halinganishi picha na picha, bali kipengele na kipengele: uwanja kwa uwanja, kitu kikuu kwa kitu kikuu, idadi kwa idadi.

Ili kuiandika matini kama hiyo kwa Kiswahili hapana haja ya kuanza na kukopa. Upo tayari mfumo wa Waswahili wa kueleza eneo lenye mipaka, picha na maneno, nao ni ule wa kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa. Wenye kuuza kanga walijua pia thamani ya alama ya kutofautisha: kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilitambulikana kwa herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla," ili mnunuzi asiuziwe ya mwingine. Pindo la kanga ni lilelile pindo la ngao alilokataliwa Grosvenor. Mji wa kanga ni uwanja wa ngao. Ni "jina" tu ambalo halihamishiki vizuri. Katika makala au daftari linalohusu majina ya watu na vyama, kuliita tamko la nembo "jina" kutazaa mgongano wa istilahi zenyewe. "Wito" linafaa zaidi: Harambee ni wito wa Kenya, na Uhuru na Umoja ni wito wa Tanzania.

Istilahi nyingine zaweza kuchukuliwa katika maneno ya kawaida. Mkanda unaokatiza ngao kutoka pembe hadi pembe ni mkanda wa mshazari. Wanyama au watu walioshika ngao kila upande waweza kuitwa wahimili. Pambo lililo juu ya ngao laweza kuitwa shungi, kwa mfano wa shungi la ndege. Pande za ngao zafaa kuitwa kuume na kushoto, na izingatiwe kuwa huhesabiwa kwa mwenye kuishika ngao, si kwa mwenye kuitazama: kuume kwa ngao ni mkononi mwa kushoto kwa mtazamaji.

Kwa istilahi hizo, ngao ya Kenya inaweza kuelezwa hivi: mji wa mafungu matatu ya kulala, la juu jeusi, la kati jekundu lenye mapindo mawili membamba meupe juu na chini, na la chini la kijani, katika fungu jekundu, jogoo mmoja mweupe ashikaye shoka jeupe kwa mguu wa kuume. Wahimili: simba wawili wa dhahabu, kila mmoja ameshika mkuki, na mikuki imepishana nyuma ya ngao. Chini: Mlima Kenya pamoja na mazao ya nchi, yakiwamo kahawa, pareto, katani, chai, mahindi na mananasi. Wito: Harambee.

Katika maelezo hayo sarufi ya Kiswahili inaonyesha nguvu yake. Upatanisho wa ngeli hufanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa kanuni za kubuni. "Jogoo mweupe ashikaye shoka jeupe" haiachi shaka rangi ipi ni ya nani. Tukibadili rangi moja, mathalan "jogoo mweupe ashikaye shoka la dhahabu," kiambishi hutaja mwenye rangi hiyo hata pale ambapo jina la rangi lenyewe halibadiliki. Lipo pia tatizo la kuangaliwa. Nomino za ngeli ya N hazionyeshi idadi. "Nyota nyeupe" yaweza kuwa moja au ishirini. Kwa kuwa idadi ni miongoni mwa tofauti zinazohesabiwa katika uhakiki, kanuni ya kwanza ya matini ya nembo kwa Kiswahili iwe hii: idadi itajwe daima, hata ikiwa ni moja.

Matini ikishapatikana, ulinganisho huwa mwepesi. Ichukuliwe nembo ya Uganda. Nayo ina ngao, ina mikuki miwili iliyopishana nyuma yake, ina wahimili wawili. Kwa jicho la haraka, hasa katika muhuri mdogo usio na rangi, ni jamaa ya nembo ya Kenya. Lakini kipengele kwa kipengele, mji wa Uganda ni mweusi wenye mawimbi juu. Vitu vyake ni jua na ngoma. Wahimili wake ni swala na korongo. Na wito wake ni wa Kiingereza. Tofauti zimezidi mbili mara nyingi, na zote ni za aina ya "huyu ni mwingine." Mikuki iliyobaki ni urithi wa pamoja, usioweza kumilikiwa na mmoja.

6. Uhakiki wa majina

Majina hulinganishwa kwa njia tatu: kwa kuonekana, kwa kusikika na kwa maana. Katika nchi yenye lugha nyingi kila njia ina mtego wake.

Kuhusu kusikika, yachukuliwe maneno "kalamu" na "karamu." Katika Kiswahili sanifu ni maneno mawili yasiyo na uhusiano, na biashara mbili zingeweza kuyatumia bila ya kugongana. Lakini Kikuyu kina sauti r wala hakina l, hata kalamu yenyewe kwa Kikuyu huitwa karamu. Na Kikamba kina l wala hakina r katika maneno yake ya asili. Katika mji kama Nairobi, ambamo wasemaji wa lugha hizo wanakutana kila siku, majina hayo mawili yakitajwa kwa simu yaweza kuwa jina moja. Msajili anayepima kwa kamusi atasema hakuna mgongano. Anayepima kwa masikio ya wakazi atasema upo.

Kuhusu kuonekana, mfano ni ule wa ng'. "Ng'oa" na "ngoa" hutofautiana kwa sauti na kwa maana, la kwanza likiwa ni kitendo cha kutoa kitu kwa nguvu, la pili likiwa ni tamaa au wivu. Lakini katika daftari zilizoandikwa kwa mashine alama ile ndogo hudondoka mara kwa mara, kama inavyotokea kwa jina la Murang'a. Basi mfumo wa kutafuta majina hauna budi kuyatafuta yenye alama na yasiyo na alama pamoja, kisha binadamu ndiye aamue.

Kuhusu maana, simba wa Kiswahili ni sibuor wa Kijaluo na olng'atuny wa Kimaasai. Herufi za maneno hayo hazikaribiani hata kidogo, lakini kampuni tatu za usafiri zenye majina hayo, na kila moja ikiwa na picha ya simba, zingemchanganya abiria. Jina na nembo hapa hukamilishana: majina yaliyo mbali huletwa karibu na picha moja.

Mtego mkubwa zaidi umo katika mpangilio wa daftari zenyewe. Daftari la kufuata alifabeti liliundwa kwa lugha ambazo mwanzo wa neno ndio kiini chake. Katika lugha za Kibantu mwanzo wa nomino ni kiambishi cha ngeli. Kilimo, Mkulima, Ukulima na Wakulima yatakaa chini ya K, M, U na W, mbali kabisa, ingawa ni tanzu za mzizi mmoja. Wanakamusi wanaujua mgogoro huu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya maneno mengi chini ya mizizi yake; Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyapanga kwa alifabeti, kwa faida ya msomaji wa kawaida. Kwa msomaji uamuzi wa pili una faida. Kwa mhakiki wa majina ule wa kwanza ndio ufaao. Daftari la majina nchini Kenya linahitaji faharasa ya mizizi pamoja na ile ya alifabeti, na utengenezaji wa faharasa kama hiyo ni kazi ya idara za lugha kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo hapana budi kuweka mpaka. Yapo maneno yasiyoweza kuwa ya mtu mmoja. Neno "Jamhuri" ni mfano ulio karibu. Mtu akitoka katikati ya Nairobi akafuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi atafika mtaa wa Jamhuri na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park. Upande wa Ngara ipo shule ya sekondari ya Jamhuri, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Duke of Gloucester. Na kila tarehe 12 Desemba husherehekewa Siku ya Jamhuri. Wakazi hawachanganyi mtaa na shule, wala shule na sikukuu, kwa sababu aina ya kitu hutajwa pamoja na jina. Mgongano huanza pale tu ambapo vitu viwili vya aina moja, mahali pamoja, vinapojiita Jamhuri. Mhakiki anayekataza kila jina lenye neno la kawaida hulinda daftari akaumaliza msamiati wa watu. Upo ukali unaozidi haja, nao unaweza kuwadhulumu wanyonge, kwa kuwa aliyetangulia kusajili ndiye aliyekuwa na fedha za kutangulia.

7. Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na hoja zilizotangulia, mhakiki aweza kufuata hatua tano. Kwanza, nembo iandikwe matini ya Kiswahili kwa istilahi zilizokubaliwa, idadi na rangi zikitajwa zote. Pili, matini hiyo ilinganishwe kipengele kwa kipengele na zilizosajiliwa, na tofauti zihesabiwe. Tatu, kila tofauti iulizwe: inamtenga mwombaji, au inamfanya tawi la aliyetangulia? Nne, jina lipimwe kwa mzizi, kwa sauti kama zinavyotamkwa na wasemaji wa mahali pale, na kwa maana katika lugha zinazosemwa hapo. Tano, jina na nembo vitazamwe pamoja, maana mara nyingine kila kimoja peke yake hakina kosa.

Yaweza kupingwa kwamba hatua hizo ni ndefu, na kwamba siku hizi mashine ya kompyuta hulinganisha picha kwa kufumba na kufumbua. Ni kweli kwamba mashine hutambua maumbo yanayokaribiana. Lakini haielezi kwa nini ufanano ni mgongano, na mwombaji aliyekataliwa ana haki ya kupewa sababu anayoweza kuijibu. Sababu hutolewa kwa maneno. Alama ya kufanana iliyotolewa na mashine, bila ya matini, haina tofauti kubwa na hukumu ya jicho la afisa mmoja.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uhakiki wa majina na nembo unategemea mambo matatu ambayo ni milki ya wanaisimu: istilahi, sarufi na uchambuzi wa sauti na mizizi. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili hakiingii katika kazi hii mikono mitupu. Kanga imekipa pindo na mji. Ngeli zimekipa njia ya kuifunga sifa na mwenye sifa. Na desturi za ngao za wenyeji zinathibitisha kwamba fikira yenyewe si ngeni.

Faida ya kazi hiyo haiishii katika daftari. Nembo ya kaunti ni ya wakazi wa kaunti, na jina la chama ni ahadi kwa wapigakura. Mchoro unaobandikwa katika ubao wa afisi huonwa na wachache waliofika. Matini iliyoandikwa vizuri kwa Kiswahili yaweza kusomwa redioni, ikasikiwa na mkazi wa Jamhuri na wa Turkana kwa wakati mmoja, na kila mmoja akaweza kusema: hii ni yetu, au hii imechukuliwa kwetu. Baraza la Nembo na mabunge ya kaunti yanayo mamlaka ya kuamua. Idara za lugha zinaweza kuanza na orodha fupi ya istilahi za nembo na faharasa ya mizizi ya majina yaliyokwisha kusajiliwa, zikazipeleka kwao wenye mamlaka wazijaribu.